Zabibu za Upande wa Pili wa Njia

Bi Hakiki hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na muuza maziwa, aliyechoka kumwona akinusa kopo, akilitikisa, akilinusa tena, kisha akiuliza ng'ombe alikula nini. Hata chai ya ugenini huinusa kwanza. Wapo wanaoapa kwamba siku ya arusi yake alimkagua bwana arusi meno. Mumewe aliicheka tabia hiyo miaka yote, na alipofariki hakubaki mtu wa kuicheka.

Alimwachia shamba la mizabibu, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Shemeji yake, ambaye sasa ndiye msemaji wa ukoo, alisema mwanamke ambaye hajawahi kuamua siku ya kuvuna apewe msimu mmoja wa majaribio. Mvinyo ukitoka mzuri, shamba ni lake. Ukitoka mbovu, litakwenda kwa wifi yake, dada wa marehemu, mwenye shamba la upande wa pili wa njia. Mizabibu ni ileile, udongo ni uleule, kwa hiyo mvinyo wa wifi ndio ungekuwa kipimo.

Basi sema wewe, ungemwamini wifi huyo?

Msimu ulianza vyema. Mvua ilinyesha mapema, wakati mizabibu inapoihitaji, kisha ikakatika. Mchana jua liliwaka, usiku kukawa na baridi. Hayo mawili ndiyo yanayompa mkulima mvinyo wa kujivunia: jua hutia utamu, baridi huzuia utamu huo usichoshe ulimi. Bi Hakiki alizunguka shambani na kioo chake cha kupimia sukari, akikamua tone hapa, akichungulia pale. Utamu ulikuwa unapanda. Ulibaki kidogo tu.

Ndipo wifi akaja, anahema.

"Wifi, vuna leo. Redio inasema mvua inakuja."

"Redio hiyohiyo ilisema hivyo juzi, nikaanua nguo bure."

"Safari hii hata upepo umegeuka. Zabibu ikinywa maji sasa hivi inavimba, inapasuka, utamu wote unakwenda. Vuna tu. Utamu uliopo unatosha."

"Unamtosha nani?"

Wifi akaguna. "Haya. Wavunaji wapo kwangu. Ukiwataka, paza sauti."

Bi Hakiki alibaki anatafakari. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya mwenzako ina lake jambo. Kila siku ya jua ni utamu. Akivuna leo, mvinyo utatoka mwepesi na mchachu. Wifi atasubiri, avune zake zikiwa tamu. Kisha shemeji aje kuonja kote kuwili. Kikulacho ki nguoni mwako!

Akavuka njia kwa kunyata. Aliyoyaona yalimtosha. Mizabibu ya wifi ilikuwa bado imelemewa na vishada, hata kimoja hakijaguswa. Kreti safi zilipangwa ukingoni mwa njia. Wavunaji walikuwa wamekaa kivulini wanakunywa chai na kupiga soga, kana kwamba hiyo mvua ya redio ingemnyeshea Bi Hakiki peke yake.

"Ahaa!" akajisemea. "Mimi nivune, yeye anywe chai."

Hakupaza sauti.

Kesho yake alasiri mvua ikashuka, ikanyesha mpaka watu waliomo ndani wakawa hawasikilizani kwa kelele za mabati. Bi Hakiki alisimama dirishani. Ilipopungua siku ya tatu, alikwenda shambani na kukuta zabibu zimevimba na kupasuka, nyigu wamezizingira, na vishada vya ndani vimeanza kunuka uvundo. Kioo kilimwonyesha alichokwisha kukijua. Alilia palepale, kwa sauti, bila kuhakiki ni nani anayemsikia.

Wavunaji ndio waliomsikia. Wifi alikuwa mbele yao, amejifunika nailoni, kreti kichwani. Walikuwa wameipita mizabibu yao na kuja moja kwa moja kwake.

"Mnafanya nini huku?"

"Tunaokoa kilichobaki."

"Na zako?"

"Zimepasuka kama zako."

"Sasa kwa nini hukuvuna, wewe uliyejua?"

Wifi akaishusha kreti, akamshangaa kweli. "Nitavunaje na wewe hujavuna? Wewe ni mke wa mkubwa wetu. Shamba hili huvunwa kwanza, tangu enzi za baba. Hata kreti nilizipanga kwenye njia ili uzione."

Miaka yote Bi Hakiki alidhani mumewe hutangulia kuvuna kwa ubabe tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeamini?"

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akainama, akaanza kuchambua vishada.

Mvinyo ulipotulia mapipani, shemeji alikuja kuonja. Alianza na wa Bi Hakiki, akakunja uso. "Haya ni maji." Shemeji akaenda kwenye pipa la wifi, akaonja, akakunja uso uleule.

"Mvua ilitupiga sote, kaka," wifi akasema. "Mwaka ndio mbaya, si mtu."

Shemeji akafikiri kidogo. "Kweli, mwaka ndio mbaya. Shemeji, endelea na shamba lako."

Kama wifi angevuna mapema, pipa lake lingetoa ushahidi, na shamba lingekuwa lake. Bi Hakiki alilihakiki jambo hilo mara mbili, kama kawaida yake, na mara zote mbili likatoka vilevile.

Shemeji alipoondoka, wifi alimimina vikombe viwili kutoka kwenye pipa lake, akampa kimoja. Bi Hakiki akakipokea, akakipeleka mdomoni na kunywa bila kunusa.

"Ukoje?" wifi akauliza.

"Mbaya sana," akasema Bi Hakiki, machozi yakimlengalenga. "Niongeze."