Mtani Aliyekuja Kumlilia Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliporudi Masanze kutoka nyumba ya kutibu waraibu, tulimbeba kama mayai. Hakuna aliyempandishia sauti. Zamani alikuwa utingo wa malori, na heroini aliionjea Mikumi, pale madereva wanapolala. Aliambiwa inaondoa uchovu. Wenzake wengi walidanganywa hivyohivyo, na baadhi yao tumeshawazika.

Tatizo likawa banda la kuku. Mama alilitia kufuli, maana enzi zile aliiba kuku wetu, wakaishia kwenye moshi wa heroini. Mdogo wangu aliliona kufuli siku ile ile. Baada ya wiki chache akaniambia, "Dada, narudi Mikumi. Huko angalau wananitukana. Hapa mnaniogopa."

Akirudi Mikumi tutaletewa maiti, nilijua.

Jumapili, tumetoka tu kanisani, mtani wetu, bibi mmoja, akaingia. Sisi Wasagara, yeye Mnyamwezi. Babu yake alikuja huku kukata mkonge. Mtani anaweza kukutukana mbele ya askofu na huna ruhusa ya kununa. Msibani ndiye anayemwigiza marehemu, na haondoki mpaka apewe chake. Bibi yule alijifunga kanga kiunoni, akajitupa katikati ya uwanja kama yuko msibani.

"Uuuwi! Teja wetu jamani! Nani atatuibia sasa?"

Mama akafunika uso. Mimi damu ilinichemka, nikatoka jikoni na mwiko wangu wa ugali. Utani gani huu! Bibi hata hakunitazama. Alisimama, akaanza kuyumba na kusinzia kama mateja wa stendi.

"Umekosea, bibi." Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Akaja uwanjani, akalegeza mikono, magoti yakakunjika, pua ikashuka karibu iguse vumbi, na hakuanguka. "Ni hivi. Nilikuwa hivi stendi ya Mikumi wakati baba anazikwa."

Hakuwahi kulisema jambo lile kabla.

"Ala!" bibi akasema. "Kumbe maiti unajua kazi kuliko mimi!" Akaangua kicheko, mdogo wangu naye akacheka, kile kicheko chake cha utotoni cha kukoroma puani, na mimi na mwiko wangu nikacheka huku nalia.

"Sasa nataka jogoo wangu," bibi akasema. "Na maiti anikamatie mwenyewe."

Mama alinitazama, akafungua kufuli. Jogoo akachomoka, akapita kwenye ua wa mkonge, akashika njia ya barabarani, kule bodaboda zinakosubiri abiria wa Mikumi. Mdogo wangu mbio nyuma yake. Wakapotea.

Tukangoja. Kicheko kilituisha. Nilisikia harufu ya ugali unaungua, sikuuendea. Pikipiki moja ikanguruma, ikaondoka, na moyo wangu ukaondoka nayo.

"Amka ulie tena, bibi! Maiti amerudi na kuku!"

Alikuwa anahema, shati limechanika, jogoo kwapani. Mama alipiga vigelegele ambavyo sijavisikia tangu harusi yangu. Mdogo wangu akamwambia, "Mama, funga banda, hao wengine watatoroka."

Mama akageuka kutafuta kufuli. Bibi alikuwa ameshalisokomeza kwenye pindo la kanga.

"Hili nalo langu," akasema. "Malipo ya machozi."

Kitu alichochukua mtani hakidaiwi. Mama akachomeka kijiti mlangoni, tukaingia kula ugali wenye ukoko.