Zipora, mkulima aliyeikataa pampu ili kuilinda mbegu ya Februari

Saa kumi na mbili asubuhi, jua la Oktoba halijachomoza vizuri, lakini Zipora Masalu ameshamaliza ndoo ya nane. Anainama na kopo, anamwagilia taratibu, shina kwa shina. Goti lake la kulia limevimba. Amelifunga kwa kipande cha khanga, na kazi inaendelea.

Bonde analolimwagilia liko nyuma ya kijiji kimoja cha kata ya Bugarama, Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga. Halizidi hatua thelathini kwa kumi na tano. Lakini mgeni asilidharau. Kuanzia Juni hadi Novemba, hapa ndipo mahali pekee kijijini ambapo marando ya viazi vitamu hubaki hai.

Marando ndiyo mbegu ya kiazi, nayo haiwekwi ghalani kama mahindi. Yakikauka, basi tena. Mvua ya kwanza ikinyesha, zaidi ya kaya themanini huja kwa Zipora kukata mbegu, na kwa desturi ya hapa marando hayauzwi. Jirani anapewa furushi lake, anasema wabeja, yaani asante, anakwenda kupanda.

Leo saa nne anatarajiwa Theonest, afisa kilimo, aje kuchukua jibu. Mradi mmoja wa lishe umeahidi kuleta pampu ya umeme wa jua pamoja na mipira ya maji. Sharti ni moja tu: bonde lote lipandwe mbegu bora ya viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Kalunde, mbegu nyeupe ya zamani ambayo Zipora alipewa na mama mkwe wake, iondoke.

“Nina miaka hamsini na mbili na ninabeba ndoo arobaini kwa siku,” anasema huku akijinyoosha mgongo. “Pampu naitaka. Nani asiyeitaka?”

Mumewe, Stanslaus, anataka akubali, tena haraka, kabla wenye pampu hawajabadili mawazo. Majirani nao wamegawanyika, na kila mmoja ana ushauri wa bure wa kumpa.

Wasiomjua watadhani ni mama mkaidi asiyependa vitu vipya. Wamekosea. Miaka miwili iliyopita, mbegu hiyo bora ilipofika, Zipora ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aling'oa Kalunde yote na kupanda viazi lishe shamba zima. Kijiji kikamfuata.

Mavuno yalikuwa ya kushangilia. Pale alipozoea kupata magunia manane, alipata kumi na mbili. Viazi vilikuwa vitamu, watoto walivigombania, na afisa kilimo alikuja kupiga picha.

Shida ilianza kwenye matobolwa. Hivi ni viazi vinavyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juu ya mawe mpaka vikauke na kuwa vigumu. Kwa Msukuma, matobolwa ni akiba ya Januari hadi Machi, wakati shamba bado halijatoa kitu. Kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, ni chakula cha kutia mfukoni na kutafuna shimoni bila kuhitaji moto wala sufuria.

Viazi lishe vina maji mengi. Zipora alivichemsha kwa muda uleule wa Kalunde, akavianika kwenye jiwe lilelile, naye akaona vimekauka. Kumbe ndani bado. Vingine vilimomonyoka wakati wa kukusanya, na vilivyobaki vikaota ukungu kwenye gunia kabla ya Krismasi.

Zakia, mfanyabiashara anayemchukulia mzigo kwenda Nyarugusu, alimpigia simu akiwa na habari mbaya. “Mama Noela, wachimbaji wanasema hii inayeyuka mfukoni,” alimwambia, na magunia yote matatu yakarudi na pikipiki ileile iliyoyapeleka. Zipora alikuwa ameshahesabu laki mbili na nusu za magunia hayo. Akatoka kapa.

Februari ile, nyumba yake ilikula mlo mmoja kwa siku. Kaya nyingi zilizomfuata zilikula hivyohivyo, na jambo hilo ndilo linalomuuma zaidi, kwa sababu walimwamini. Msimu uliofuata alizunguka vijiji vitatu akitafuta Kalunde, akapata mashina machache nyuma ya bafu la bibi mmoja, akayazalisha upya.

“Ripoti iliandikwa kwamba wakulima wa huku hatupendi mabadiliko,” anasema, na sauti yake inapanda. “Hakuna aliyekuja kuuliza Februari tulikula nini.”

Hata hivyo hakuvitupa viazi lishe. Bondeni kuna matuta sita ya mbegu hiyo, na anayamwagilia kwa kopo lilelile. Binti yake Noela ni mjamzito na anavila karibu kila siku. Vingine Zipora huvikata vibichi, vyembamba sana, akavikausha na kuvisaga kuwa unga wa uji wa watoto.

“Kiazi lishe ni cha kula leo,” anaeleza. “Kalunde ni cha kula Februari. Mimi nina tumbo la leo na la Februari.”

Saa nne na robo pikipiki ya Theonest inasimama ukingoni mwa bonde. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Kijana huyo anauliza hali ya goti, anauliza hali ya Noela, halafu anauliza la pampu.

Zipora anamletea ungo wenye mafungu mawili ya matobolwa ya mavuno ya Julai, moja jeupe na moja la rangi ya chungwa, na kumwambia atafune. Theonest anatafuna. Jeupe linampa kazi, lakini linaacha utamu mdomoni. La chungwa linapondeka vidoleni na lina harufu ya uvundo, na anakiri mwenyewe kwamba hajawahi kuyaonja yakiwa yamekaa miezi mitatu.

“Wewe mtu wa Bukoba umekulia ndizi, sikulaumu,” Zipora anamtania, kisha anatoa jibu. “Nawapa nusu ya bonde. Nusu ni ya Kalunde. Wakikubali, walete pampu yao. Wasipokubali, ndoo zangu ninazo.”

Theonest aliandika maneno hayo kama yalivyo na kuyapeleka. Baada ya wiki mbili majibu yakaja: pampu imekwenda kijiji jirani, ng'ambo ya mto, ambako kikundi cha wanawake kimelikubali sharti zima.

Kijijini walimcheka. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, walisema, tena wakiwa kisimani akiwasikia. Stanslaus hakusema naye siku mbili.

“Nililia,” Zipora anasema bila kuficha. “Niliketi palepale bondeni nikalia. Halafu nikachukua ndoo, maana mimea ilikuwa na kiu.”

Mwishoni mwa Novemba, mvua ikiwa na wiki moja, mwandishi wa makala haya alirudi. Njia ya kwenda bondeni ilijaa baiskeli. Zipora alikuwa ameshika kisu, anakata marando, anafunga mafurushi, anaita majina.

Katikati ya foleni walisimama wanawake tisa wa kijiji cha ng'ambo. Aliyewaongoza ni Scolastika, mwenyekiti wa kikundi kilichopewa pampu. Bonde lao ni la kijani kibichi, marando ya viazi lishe yamejaa tele. Lakini Kalunde waliing'oa yote kutimiza sharti, na sasa wanahitaji mbegu ya akiba. Mtu mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti kwamba wakale pampu yao.

Zipora aliwakatia mafurushi tisa, manene kama ya wengine, ndipo akamuuliza Scolastika ilikuwaje wakang'oa mbegu inayowalisha.

Scolastika aliangalia chini kidogo. “Mama Noela, tusikudanganye,” alisema. “Tuliikubali pampu kwa sababu tulijua wewe huwezi kuiacha Kalunde.”

Zipora alicheka, kicheko cha mtu aliyeelewa uzito wa alichokuwa amebeba peke yake.

“Basi kuanzia Juni,” alisema akimkabidhi furushi la mwisho, “kila Jumatatu na Alhamisi wanawake wanne wa kwenu waje hapa na ndoo. Marando hayauzwi, lakini hayajimwagilii.”