Miguu ya Ndala Chini ya Gramafoni

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa kitambaa, akaniambia nifute vumbi na nisikilize. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, naandika polepole, na aibu ilinizidi hata kusalimia wateja ilikuwa kazi. Karakana yetu ya redio na gramafoni ilikuwa chumba cha nyuma cha duka moja hapa Kyela mjini. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na nyumba zilizozoea redio ndogo ya betri zilianza kupata spika kubwa zenye besi nzito.

Mteja ninayemkumbuka zaidi ni mwalimu mstaafu wa Ikolo. Alikuwa na gramafoni, na santuri moja ya kwaya ambayo marehemu mkewe aliimba ubeti wa pili peke yake. Nakala nyingine hakuwa nayo. Tangu anunue spika mpya, sindano iliruka kila ilipofika kwenye ubeti ule, ambapo kinanda kilivuma kwa besi.

Fundi Mkuu aliiweka mashine kwenye meza yetu ya saruji, akaipiga kwa spika yetu ndogo. Haikuruka. "Sindano imechoka," alisema, akaweka mpya. Mimi niliirudisha Ikolo kwa baiskeli, na huko nikaona jambo. Gramafoni ilikaa juu ya kabati la mbao, juu ya kitambaa cha kufuma, na spika zilikaa kulia na kushoto kwake, kwenye kabati hilo hilo. Nyumba nyingi zilipanga hivyo ili mgeni aone vyombo vyote kwa pamoja. Mwalimu alipowasha, niliweka kiganja: mbao zilitetemeka. Spika ilitikisa kabati, kabati likatikisa sindano, na sindano ikairudishia spika mtikisiko ule ule.

Nilinyamaza. Kwetu kijana hamkosoi mkubwa wake mbele ya mteja, na hata mteja asipokuwepo sikuthubutu.

Wiki iliyofuata Mwalimu alirudi. Fundi Mkuu alibandika sarafu juu ya mkono wa gramafoni, ule unaoshika sindano, ili uzito uizuie kuruka. Haikuruka, ilichimba. Mwalimu aliporudi mara ya tatu, santuri ilikuwa na mkwaruzo.

"Kabati ndilo linalotetemeka, fundi," nilisema.

"Lo! Kumbe bubu ana ulimi," alicheka. "Umeliona lini?"

"Niliporudisha mashine mara ya kwanza."

Hakucheka tena. "Chukua baiskeli. Twende."

Kwa Mwalimu aliomba bakuli la maji, akaliweka juu ya kabati, kisha akapiga kaseti yenye besi. Maji yakafanya viduara.

"Mwalimu," alisema, "nimekuwa nikimtibu asiyeumwa."

Tulishusha spika sakafuni. Nikasokota ngata nne za majani makavu ya mgomba, kama zile za kubebea ndoo kichwani, nikaiweka mashine juu yake. Zilikuwa laini mno: mtu akipita, mashine inayumba. Fundi Mkuu akakata miguu minne kutoka soli ya ndala kuukuu, mpira mgumu wa kutosha kubeba uzito, laini wa kutosha kumeza mtetemo. Akaibandua sarafu.

Ubeti wa pili ulipita bila kuruka, ila mkwaruzo ulilia tik, tik.

"Hiyo itatoka?" Mwalimu aliuliza.

Fundi Mkuu alinitazama ili nijibu mimi.

"Haitoki, Mwalimu. Unisamehe."

"Ndaga fijo," alishukuru kwa Kinyakyusa, akairudisha sindano mwanzo.

Baadaye nilipelekwa duka dogo la Mwaya, kisha nikarudi mjini kushika kiti cha Fundi Mkuu alipozeeka. Macho yalipodhoofika, nami nikaacha kazi. Vijana wakiniletea chombo kinachovuma, huwauliza kwanza kimekaa juu ya nini. Na akiwepo mwanagenzi kimya pembeni, humuuliza yeye ameona nini.

Mwalimu alipofariki, wanawe waliipiga santuri ile msibani. Miguu ya ndala ilikuwa ingali chini ya mashine. Nilikaa nyuma, na ulipofika ubeti wa pili nikahesabu tik saba. Watu walikuwa wakiimba pamoja nao. Nadhani ni mimi tu niliyezisikia.