Kilemba Alichovishwa Mganga

Matope ya mikokoni yananuka kama mayai viza, na msimu mzima ule, nikiwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyenuka hivyo katika chuo chetu cha Kurani. Mwalimu alinikalisha mlangoni, pua za wenzangu zipumzike. Aliyeniponza ni Fundi Mbwana, aliyetufundisha kirumbizi, mchezo wa fimbo wa wawili wawili, ngoma na zumari zikilia, na anayeguswa utosini ametoka. Kila maji yakipwa alitusimamisha matopeni, watoto saba, tucheze humo humo. "Mkono hata kima anao!" alifoka. "Nipe miguu, we kinyago!" Kinyago ndiye mimi. Tulimchukia kwa moyo mmoja.

Hatukuwa peke yetu. Mama zetu walimjia juu kwa nguo zilizoharibika. Tajiri mmoja wa pembe za ndovu alitaka mwanawe atangulie uwanjani, na mwana mwenyewe akiona fimbo alifumba macho. Kisha Jumbe wa mtaa akamwambia waziwazi: Siku ya Mwaka, mwaka mpya unapofunguliwa kwa kirumbizi, tukishindwa tena na mtaa wa Mlingotini, atafute pa kuhamia. Tukishinda, atavishwa kilemba mbele ya watu, kama avishwavyo fundi ambaye wanafunzi wake wamehitimu. Bila kilemba hicho, alikuwa mtu anayewapigia kelele watoto wa watu.

Ilipobaki siku moja, Jumbe akamleta mganga, naye akatufunga hirizi mikononi. Yangu iliniwasha, nikaivua, nikamfunga nayo mbuzi wa jirani.

Tukashinda. Mtoto wa mwisho wa Mlingotini alinipiga sikioni, akateleza. Mimi sikuteleza, nikamgusa utosini. Vigelegele vikapanda. Jumbe akakunjua kilemba cheupe, Fundi akainamisha kichwa. Jumbe akampita kama anavyopita nguzo, akamvisha mganga. Fundi alibaki ameinama vile vile, mbele ya mji mzima. Mpaka leo nikikumbuka shingo ile damu inanichemka.

"Jumbe!" nikapiga kelele. "Hirizi yangu anayo mbuzi!"

Watu wakacheka. Mganga hata hakupepesa macho. "Ndiyo maana umevimba sikio, mwanangu."

"Dawa kali hiyo," akasema Jumbe, na wote wakaitikia, na mama yangu pia!

Fundi akakusanya fimbo zake, akaenda Mlingotini. Walimpokea siku hiyo hiyo. Wao si wajinga.

Sasa nina miaka kumi na sita, bado niko chuoni, na tangu wakati ule hatujashinda hata Mwaka mmoja. Hatukanyagi matope tena. Tunafukizwa ubani tangu asubuhi, tunanukia kama maharusi, na jua la adhuhuri linatukuta tumejaa manundu. Wazee wanasema vijana wa siku hizi ni legelege. Juzi Jumbe aliniita niwafundishe wadogo. Nikasema nitafundisha, ila Siku ya Mwaka mganga ashike fimbo, atangulie yeye uwanjani.

"Mtoto wewe, utaacha lini mzaha?"

"Nimeshauacha, Jumbe."