Kowai ya Hangai

Hangai Tokuji alikuwa mwoga, na hakuna aliyelitangaza jambo hilo kuliko yeye mwenyewe. Ukimtembelea, alikuwa ameshakueleza kabla hajamaliza kukumiminia chai. Aliogopa mbwa. Aliogopa ngazi. Alimwogopa mama mkwe wake hata baada ya mama huyo kufa, ndiyo maana hakuthubutu kupitisha asubuhi bila kumwashia ubani. Mswahili akilisikia jina lake atadhani amebandikwa kwa utani, maana mtu huyo kwa kuhangaika alikuwa hodari. Lakini ni jina la ukoo, na akina Hangai wamejaa pwani ile ya Fukushima tangu enzi za mababu, wengine wao majasiri kabisa.

Siku ya tetemeko lile kubwa la Machi alikuwa likizo, amekaa sebuleni anakata kucha za miguu. Ardhi ilipotulia, vipaza sauti vya mji vikaanza kulia kwamba bahari inakuja. Hangai alitimua mbio hadi juu ya kilima. Alipofika ndipo akaona kwamba amekumbatia jiko la umeme la kupikia wali, waya unaburutika nyuma. Mkewe Fumiyo alifika baadaye kidogo, hata hahemi, amewafungia mababu ndani ya aproni, yaani vile vibao vyenye majina ya marehemu wa ukoo mzima.

"Mababu umewaacha, wali umeuchukua," alisema Fumiyo. "Na umeme wenyewe umekatika."

Hangai aliipenda hadithi hiyo. Alikuwa akiisimulia mwenyewe, na kila mara jiko lilizidi kuwa kubwa.

Jambo ambalo hakulisimulia kwa kicheko ni lile la chini ya kilima, upande wa kusini. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa fundi wa mabomba katika kituo cha umeme wa nyuklia, na hakuwahi kukiogopa hata siku moja, yeye aliyeogopa ngazi. Kilikuwa na mkahawa mzuri. Bahari ikaingia, ikazima pampu zote, na vinu vitatu vya nyuklia vikabaki bila maji ya kuvipoza. Ubaya wa fueli ya nyuklia ni kwamba hata ukikizima kinu, yenyewe haizimiki. Inaendelea kuchemka kwa ukaidi wake, miaka na miaka, na dawa yake ni kuimwagia maji usiku na mchana. Ikikosa maji huyeyuka. Iliyeyuka. Mapaa ya majengo yakaruka kwa mlipuko, na mji wa kina Hangai ukahamishwa wote kwa mabasi, mbwa wakabaki wamefungwa uani. Hata mbwa hao Hangai aliwalilia.

Fumiyo alipelekwa milimani, akalala kwenye mkeka katika ukumbi wa michezo wa shule pamoja na familia nyingine nyingi. Hangai alikaa naye hadi Juni. Kisha bosi wake wa zamani akapiga simu kuomba mafundi warudi, na Hangai akakubali. Msidhani ni ushujaa. Bosi aliomba kwa adabu sana, na Hangai aliogopa kukataa kuliko alivyoogopa mionzi.

"Huku wanakuita shujaa," Fumiyo alimwambia kwenye simu. "Bibi wa mkeka wa jirani amenipa matufaha yake kwa heshima yako. Nimeyala, lakini nimeona aibu."

"Waache waite."

"Baba Shiori, mimi nakujua. Rudi. Hakuna atakayekucheka zaidi ya nilivyokwisha kukucheka mimi."

"Nitarudi wakinifukuza."

"Basi fanya wakufukuze."

Alilitafakari wazo hilo kwa dhati. Kila asubuhi, akivaa ovaroli nyeupe na glavu juu ya glavu na barakoa ya kufunika uso mzima, alijiombea jambo dogo la heshima: tumbo la kuendesha, kifundo cha mguu kuteguka. Mwili wake, ambao tangu utoto haukuwahi kumsaidia kwa lolote, ukakataa katakata kuugua. Njia nyingine ilikuwepo. Msimamizi wa zamu, Kurihara, mtu wa Tokyo, mwembamba na mpole, alikuwa akirudia kila siku kabla ya kazi: "Anayeogopa aseme. Atapumzishwa, wala hatalaumiwa." Hakuna aliyewahi kusema. Kusema hivyo mbele ya wenzako ilikuwa sawa na kuvua suruali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyasi. Ndiyo, nyasi. Vinu vile vilivyotikisa dunia vilikuwa vikinyweshwa kwa mipira ya maji ya plastiki iliyotandazwa haraka haraka juu ya majani, na ilipofika kiangazi, nyasi zenye ncha kali za pwani ile zikaanza kuchipua chini yake na kuitoboa. Kumbe taifa zima lilikuwa limeshikiliwa na kitu ambacho Hangai alikuwa akikifyeka nyuma ya choo chake. Siku moja ya Julai mpira wa kinu kimoja ulitobolewa vibaya, na ule wa akiba vilevile. Ikabidi maji yafungwe, mpira mpya mgumu upandishwe hadi kando ya jengo la kinu, uungwe, kisha maji yafunguliwe. Muda uliokuwepo ulikuwa wa saa chache. Baada ya hapo joto ndani ya kinu lingeanza kupanda, na kila mtu alikumbuka lilipopanda mara ya kwanza lilifanya nini.

Kikosi kilikuwa na watu kutoka pande zote za nchi, na wa pwani ile alikuwa Hangai peke yake. Alibeba ncha ya mbele ya mpira, na nyuma yake Tsutsumi, kijana mnene wa Osaka mwenye mdomo usiofungwa.

"Mzee, ukianguka nianguke juu yako, au nikuruke?" aliuliza Tsutsumi.

"Niruke. Usije ukanimaliza wewe kabla ya mionzi."

Mteremko ulikuwa mkali. Ndani ya barakoa jasho lilikuwa limefika mdomoni na halina pa kutokea. Nusu ya njia Hangai alisimama, akainama, mikono magotini, bila kujua kwamba kiwiko chake kimebana kitufe cha redio ya upepo iliyofungwa kifuani. Akasema kwa sauti ya mtu anayekata roho:

"Kowai... aa, kowai, jamani."

Kwa watu wa pwani ile, kowai maana yake nimechoka, sina nguvu. Hangai alilisema shambani akiwa mtoto, na mama yake alilisema kila jioni akivua viatu. Lakini kwa Wajapani wengine karibu wote, kowai ni naogopa. Hangai alilijua hilo vizuri, maana alikuwa na televisheni kama watu wote. Ila mdomo uliochoka hurudi kwao wenyewe.

Kule chumba cha usimamizi Kurihara alisimama ghafla. Alikuwa ameonywa na madaktari kwamba mtu akipatwa na hofu ndani ya barakoa, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuivua.

"Hangai-san," redio ikasema, taratibu mno. "Usivue barakoa. Nasema usivue. Kaa hapo hapo, usiguse kitu. Tunakuja kukuchukua."

Hangai aligeuka akakitazama kinu. Kinu kilikuwa kimya, na ukimya huo haukumpendeza. Wameona nini kwenye mitambo yao? Kwa nini waongee taratibu hivyo? Daktari aliongea na baba yake vivyo hivyo, wiki ya mwisho. Akautupa mpira, akakimbia.

Tsutsumi alipomwona mtu mwenye miaka ishirini na zaidi kituoni anatoka mbio, hakuuliza. Kwa unene wake alimpita Hangai kabla ya kona. Kikosi cha pili, waliokuwa wakifyeka nyasi chini, waliona watu wawili wanateremka kwa kasi kutoka kwenye kinu, nao wakatupa miundu. Dereva wa basi aliona kikosi kizima kinakuja. Aliwasha injini hata kabla hawajamfikia.

Katika chumba cha mapumziko, ndani ya jengo salama, walipimwa, wakavua barakoa, wakaketi sakafuni na alama nyekundu za barakoa usoni. Kurihara aliingia na kupiga magoti mbele ya Hangai.

"Pole sana. Sasa uko salama. Uliogopa nini?"

"Niliogopa uliponiambia nisivue barakoa."

"Kabla ya hapo. Ulisema kowai. Tumesikia wote."

Hangai alimtazama. Kisha akaelewa, na damu yote ikampanda usoni. Alitamani sakafu ipasuke, kisha akakumbuka mahali alipo, akaacha kutamani mambo ya namna hiyo.

Alikuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza, angepumzishwa, jioni ile angekuwa njiani kwa Fumiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini watu hawa wangeendelea kuamini kwamba kuna jambo limetokea kule juu, hakuna ambaye angepanda, na mpira ulikuwa umelala kwenye majani huku maji yamefungwa.

"Kwetu," alisema, "kowai ni kuchoka. Nilisema nimechoka. Hakuna kilichotokea."

Kisha Tsutsumi akasema, "Nimekimbia na tumbo hili kwa sababu umechoka?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe ulikimbia nini?"

"Niliogopa," alisema Hangai. "Kwetu hofu ina neno lake, okkanee. Hilo sikulisema. Ningelisema tangu siku ya kwanza, lakini niliona haya."

Hakuna aliyecheka, na yeye mtani wa nafsi yake alishangaa, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuwa ametania.

"Lakini kule juu," mtu mmoja aliyeegemea ukuta aliuliza, "hatari ipo au haipo?"

"Ipo. Ile ile ya jana. Ni sisi tu tumeikumbuka leo."

Kurihara aliangalia saa. Alisema kwamba joto la kinu limeanza kupanda, na kwamba baada ya yaliyotokea hawezi kumwamuru mtu yeyote. Macho yakatazama sakafu. Hangai naye alitazama sakafu, tena kwa bidii kuliko wote. Alisubiri ajitokeze shujaa. Alimsubiri kwa muda wa kutosha, akaona huyo shujaa amechelewa, na aliyeutupa mpira ni yeye.

"Kiungio kinataka watu wawili," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mbuzi. "Mmoja nipo."

"Mimi wa pili," alisema Kurihara.

Walipanda pamoja. Kurihara hakuwa ametoka nje ya ofisi kwa wiki nyingi, na nusu ya mteremko alisimama, akashika kiuno.

"Kowai," alisema kwenye redio.

Hangai hakumwuliza ni ya Tokyo au ya kwao. Walifika. Mikono ya Hangai ilitetemeka hivi kwamba kiungio kilikataa kuingia, kikakataa tena, hadi Kurihara akaifunika mikono hiyo kwa mikono yake mwenyewe, wakasukuma pamoja, kikabana. Kurihara aliporuhusu maji yafunguliwe, mpira ulijaa chini ya viganja vyao, ukakakamaa, ukaanza kutikisika. Hangai aliendelea kuushika bila sababu yoyote. Alijua kwamba mwisho wa mpira ule maji yanamwagikia kitu kilichokula mji wake, na kwamba ni yeye aliyeyafikisha, na alilia ndani ya barakoa mahali ambapo hawezi kujifuta.

Jioni Kurihara alimwita kando.

"Nakushukuru kutoka moyoni. Lakini niliahidi kwamba anayeogopa atapumzishwa, na wewe umesema. Kesho usije. Nenda kwa mkeo."

"Hai," alijibu Hangai, yaani ndiyo, akainama.

Alimpigia Fumiyo. "Nimefukuzwa."

"Hongera," alisema mkewe. "Mbona sauti imekuwa hivyo?"

"Sijui. Nilikuwa nimeliomba kila siku."

"Na umelipata."

"Nimelipata. Nina hasira, mama Shiori. Sijui za nini. Maji yale yanahitaji mtu wa kuyaangalia."

Fumiyo hakumcheka. Alivuta pumzi, akamwambia ale kitu cha moto kwanza, na kama atakwenda, asiende na njaa.

Asubuhi Kurihara alimkuta kwenye foleni ya basi, amevaa ovaroli, uso mweupe kuliko nguo.

"Nilikwambia usije, ukasema hai."

"Hai yangu ilikuwa nimekusikia, bosi. Sikusema nimekubali."

"Umeacha kuogopa?"

"Hata kidogo. Magoti haya siyaamini."

"Basi siwezi kukupandisha. Nikivunja ahadi kwako nimeivunja kwa wote."

Nyuma ya Hangai, Tsutsumi alikohoa. "Bosi, mimi nina mtoto wa miezi minne. Naogopa sana."

"Na mimi," alisema yule mtu wa ukutani.

"Mimi tangu Aprili," alisema mwingine, na ikaenda hivyo hivyo hadi mwisho wa foleni, sauti za chini chini, wanaume wamekaza macho kwenye viatu vyao, na hakuna aliyetoka kwenye mstari. Wa mwisho alikuwa dereva, aliyesema kwamba yeye jana aliwasha injini kabla hawajafika.

Kurihara aliwatazama wote. Kisha akavaa kofia yake.

"Basi pandeni," alisema, naye akapanda wa kwanza.