Walivyombatiza Mwanangu Kana Kwamba Nimekwisha Kufa

Walikuwa watatu. Wa kwanza ni mama mkwe wangu, maana ndiye aliyeanza. Wa pili ni mwinjilisti wa kanisa letu. Wa tatu ni mume wangu. Majina yao siandiki, mtaa mzima wa Tononoka wawajua.

Nilipojifungua damu haikukatika. Nikalala hospitali siku tisa, sijui usiku wala mchana. Daktari alimwambia mume wangu ajitayarishe. Mamake akajitayarisha zaidi. Alimchukua mwanangu, akafungua kijitabu chake cha majina ya watoto wa Kikristo, kile chenye asili na maana, akachagua Benoni. Ni Kiebrania: mwana wa uchungu wangu. Ndilo jina Raheli alilompa mwanawe roho ikimtoka. Jumapili wakambatiza. Nguo zangu alikuwa ameshawagawia binti zake.

Siku ya tisa nikafumbua macho.

Nilirudi nyumbani nashika ukuta. Nikauliza mtoto aitwa nani.

"Benoni," akasema mama mkwe.

"Lakini mama, si nimepona?"

"Umepona, ee. Sasa kanisa limwoshe mtoto mara ya pili kwa kuwa wewe umekaidi kufa?"

Mashoga zake wakacheka, vikombe vya chai mkononi.

Shule niliishia darasa la nne, lakini Biblia naisoma. Raheli alipokufa, baba mtu alilikataa jina lile, akamwita mwanawe Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Dawa ilikuwa mumo humo, na mwenye kuitoa ni baba. Hata mwinjilisti alikiri: "Baba akisema neno mbele ya kanisa, tutamwandika Benyamini." Nikampigia mume wangu magoti. Akaniahidi atasema.

Jumapili mwinjilisti akauliza, "Baba mtoto, una neno?"

Mume wangu akamtazama mamake. Mamake akakohoa kidogo.

"Sina, mtumishi. Jina liko sawa."

Na mwinjilisti, aliyejua yote, akaanzisha wimbo.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu mzaliwa wa mtaa wa Kuze, aliposikia alishika kifua. "Sisi twangoja siku ya saba kumpa mtoto jina. Nyinyi hata maiti hamkungoja, bibi?"

Miaka yote nilimwita "Mwanangu" tu. Alipotimu kumi na minane, kabla hajaenda kuchukua kitambulisho, nikamweleza maana ya jina lake, nani alimpa na nani alinyamaza. Karatasi ya kiapo cha kulibadilisha nilikuwa nimeshaandikisha kwa wakili, imebaki sahihi yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nyanya aliniambia zamani," akasema. "Kwamba mimi ndiye niliyetaka kukuua. Nimelizoea, mama. Nikiitwa jingine sitaitika."

Akakikunja kile kiapo mara mbili, akanirudishia, akaenda zake.

Siku hizi mama mkwe amepooza upande mmoja. Binti zake hawamtaki, mwanawe, huyo mume wangu, aogopa hata kumtazama, kwa hiyo yuko kwangu, chumba cha nyuma hapa Majengo tulikohamia, na mimi ndiye nimlishaye uji. Juzi aliniomba msamaha, maneno yakimwangukia kidevuni.

"Ngoja nife kwanza, mama," nikamwambia. "Mara hii usiwe na haraka."

Nikamfuta mdomo. Nilifuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.