Maombi Niliyoyasema kwa Sauti

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Mchana wa siku za kazi ni mshonaji hapa Kisangani, mtaani Mangobo. Jumamosi na Jumapili ni mama wa vijana katika kanisa letu dogo. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, hata wale vijana wa kwanza sasa wananiletea watoto wao. Nawafundisha Neno, nawapikia pondu, majani ya muhogo, nawagombeza juu ya shule. Nikimwona mmoja wao sokoni na marafiki wabaya, namwita mpaka wauza nyanya wanageuka.

Katika kundi la sasa kulikuwa na binti wa miaka kumi na sita, msomaji wetu. Wazazi wake ni watu wa mto, Wakristo wa Yanonge waliohamia Lubunga, ng'ambo ya pili, ili wauze samaki karibu na mji. Kila Jumapili ya vijana yeye ndiye aliyesimama mbele kusoma Maandiko, na jamani, alisoma! Wengine husoma kama watu wanaokimbia mvua. Yeye alitulia, akainua macho, akawatazama watu, akayashusha tena. Papa mchungaji alisema mtoto huyu ana kipawa, nami nikavimba kichwa utadhani nimemzaa mimi.

Bon. Jumapili moja nilimpa Biblia isiyo yake. Sisi tunasali kwa Kiswahili na kwa Lingala, na Biblia zote zinakaa katika kabati moja. Kwa haraka zangu nikachukua ya Lingala. Akaifungua pale nilipoweka kikaratasi, akasoma sura nzima kwa Kiswahili safi bila kukwama hata mara moja. Watu wakasema amina. Mimi kwenye benchi ndipo nikaliona jalada la kile kitabu mkononi mwake.

Baada ya ibada nikamvuta nyuma ya kanisa, nikamwonyesha kile kitabu. Hakukana.

"Mama, mi sijui kusoma. Mudogo wangu njo ananisomea ku nyumba, mimi nakamata yote mu kichwa."

Utoto wake aliupitisha majini na bibi yake, kati ya Yanonge na Isangi, wakinunua samaki na kuuza. Shule ikampita. Alipofika mjini alikuwa ameshakuwa mrefu, akaona haya kukaa na watoto wa darasa la kwanza. Kanisani tu ndiko alikoheshimiwa kama mtu mwenye akili, na akili alikuwa nazo, tena nyingi.

"Usiambie mutu," akasema. "Hata papa mchungaji. Wakijua, mi sirudi tena hapa."

Nikamwahidi. Nikamwambia pia kwamba nitamfundisha mwenyewe, na atajua kusoma, nife nisife.

Akawa anavuka mto mara tatu kwa juma kuja kwangu. Vitabu vya watoto alivikataa, vilimtia aibu. Basi nikamwandikia herufi kwa chaki ya kushonea, juu ya vipande vya kitambaa cheusi vilivyobaki chini ya meza. Alikuwa na hasira nzuri yule binti. Akikosea alifuta kwa kiganja, akaanza upya bila kuambiwa. Siku aliposoma neno "samaki" peke yake, alicheka mpaka akaegemea mashine yangu, nami nikacheka naye kama mjinga.

Sasa niwaeleze desturi yetu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, vijana na walezi wote tunafunga mpaka saa tisa mchana. Kisha tunapiga magoti, na kila mlezi kwa zamu yake anawaombea vijana wake kwa sauti. Kwetu neno linaloambiwa Mungu halihesabiwi kuwa umbea. Unaweza kufumba macho ukayasema mbele ya kanisa zima mambo ambayo ukiyasema macho wazi utaitwa mchongezi. Tumezoea hivyo, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na njaa, moyo umejaa, machozi yako karibu.

"Ee Bwana," nikalia, "ukumbuke binti yako, yule anatusomea Neno lako bila kujua hata herufi! Umufungue macho, Baba!"

Amina ikajibu kutoka kila upande. Nikaendelea, na niseme ukweli, nilikuwa nimependezwa na maombi yangu mwenyewe. Nilipofumbua macho, vijana walikuwa wamegeuka kutazama mahali alipokuwa amepiga magoti, karibu na mlango. Hakuwapo.

Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili hakuja. Jumanne, siku ya somo, hakuja. Papa mchungaji aliponiona nazungukazunguka akanituliza kwa upole wake: "Mama, maombi si kosa. Kama ni kiburi kinamusumbua, kitamutoka. Tutafute musomaji mwengine."

Nikawaka. Nikamwambia, kwa heshima yote, papa, kosa ni langu wala si lake, na msomaji mwingine mimi sitafuti. Nikatoka, nikapanda toleka, nikamhimiza yule dereva wa baiskeli mpaka akaniuliza nani amekufa. Pale mtoni nikapanda mtumbwi kwenda Lubunga.

Mara ya kwanza mama yake aliniambia binti hayuko, na mimi nilikuwa naona miguu yake chini ya pazia. Nilisema asante, nikarudi. Mara ya pili nilimkuta ufukoni anapara samaki magamba. Hakuinua kichwa.

"Uliniahidi, Mama."

"Niliahidi, na nikakosa. Niko naomba pardon."

"Watoto ya kanisa wananiita 'Kitabu'. Nikipita wanafungua mikono hivi, sawa Biblia, halafu wanacheka."

"Jumamosi nitasimama mbele yao, niombe kwa ajili ya..."

"Usiombe!" Alitupa kisu ndani ya beseni, samaki wakaruka. "Maombi yako njo iliniua. Kama unataka kusema, useme macho wazi."

Nilivuka kurudi nikiwa nimekasirika, kwanza naye, halafu, tulipofika katikati ya mto, na nafsi yangu. Alikuwa na haki. Hata kule kuomba mbele yao nilikotaka kufanya kungekuwa kujificha tu.

Jumamosi ile nikasimama mbele ya vijana bila wimbo, bila sala ya kufungua. Nilikuwa sijui niweke wapi macho. Nikawaambia: nilipewa siri, nikaitoa mbele yenu, na nikasingizia kwamba nazungumza na Mungu. Hii ni dhambi yangu, si ya mwenzenu. Yeye ameshika kichwani sura ambazo ninyi mnaosoma hamzijui hata zinaanzia wapi. Na atakayemfungulia mikono tena kama kitabu, tutaonana mimi na yeye. Wawili walicheka chini chini. Wengine walitazama miguu yao. Niliondoka nikiona sijafanya kitu.

Mara ya tatu nilivuka na mvua, vitambaa na chaki nimevifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Ulifumba macho?"

"Hata kidogo. Ulizia."

"Niliulizia. Mudogo wangu alikuwa pale." Akanitazama nilivyolowa, akasogea, akanipisha. Alinawa mikono, akakaa kwenye mkeka. "Tulifika wapi?"

Tangu siku hiyo mwenye kuvuka nilikuwa mimi. Wateja walinung'unika, gauni la harusi moja lilichelewa na mwenyewe akanitukana vizuri sana. Nikavumilia. Mto ukajaa, ukapungua, sisi tuko kwenye mkeka na chaki. Kutoka maneno tukaingia mistari, kutoka mistari tukaingia kurasa.

Siku moja akaniambia anataka kusoma Jumapili ya vijana. Nikamshauri achukue Zaburi fupi. Akakataa. Akafungua mwenyewe sura moja ya watu waliojenga ukuta, majina matupu kuanzia juu mpaka chini.

"Mwanangu, hiyo hata papa mchungaji anairuka!"

"Njo maana. Hakuna mutu atasema niliikamata mu kichwa."

Jumapili ikafika, akasimama mbele. Safari hii hakuinua macho kutazama watu. Kidole kilikuwa juu ya karatasi, na jasho linamtoka chini ya kilemba. Alisoma polepole, jina kwa jina. Vijana wa benchi la nyuma walianza kucheka, kisha wakaacha, kwa sababu yeye hakuacha. Papa mchungaji alitazama saa yake mara mbili. Katikati ya sura akakutana na jina refu, baya, la kuvunja ulimi. Akasoma mwanzo wake, akakwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Mimi lile jina nililijua, nikaegemea benchi la mbele, nikaanza kumnong'oneza.

Akanyoosha kiganja upande wangu, macho yake bado yako kwenye karatasi.

"Mama, ungoje," akasema. "Niko nasoma."